Bundi wa Kijani na Pochi Yako: Tunachoweza Kujifunza Kutoka kwa Kampuni Inayofundisha Lugha

Sehemu nyingi za Kenya, bundi akitua kwenye paa usiku na kuanza kulia, kuna mzee atakayetoka nje amfukuze kwa jiwe. Bundi ni ndege wa habari mbaya. Lakini kuna bundi mmoja wa kijani ambaye watu wengi wamemkaribisha wenyewe hadi ndani ya simu. Anaitwa Duo. Kila jioni anabisha: leo hujasoma. Ukimpuuza, anabisha tena kesho, na ana maneno.

Duo ndiye nembo ya Duolingo, kampuni ya Marekani inayofundisha lugha kupitia simu. Huenda umeitumia kujaribu Kifaransa, au Kijerumani kwa sababu ya kazi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa gumzo kwenye vyuo vya uuguzi, kwenye matatu na kwenye vikundi vya WhatsApp. Na penye gumzo la kazi ya ng'ambo, pesa zinatembea: ada ya masomo, ada ya mtihani, malipo ya programu za simu, na kwa bahati mbaya, pesa zinazoingia mifukoni mwa matapeli.

Utauliza, sisi watu wa kutuma na kupokea pesa tunatafuta nini kwenye darasa la lugha? Jibu ni hili. Ukiangalia jinsi kampuni hii inavyoishi na kufanya kazi kila siku, utaelewa vizuri kwa nini simu yako inakuita, kwa nini unarudi, na kwa nini mara nyingine unalipa bila kukumbuka ulikubali lini. Ukishaelewa hivyo, unaweza kuzitumia mbinu hizo hizo kujenga akiba yako. Twende pole pole.

Mtoto wa daktari kutoka Guatemala

Kampuni ilianzishwa na watu wawili: Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, na Severin Hacker, mzaliwa wa Uswisi. Walikutana katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Von Ahn alikuwa profesa, Hacker mwanafunzi wake wa shahada ya uzamifu.

Von Ahn alikuwa tayari amejulikana. Zile herufi zilizopindapinda ambazo tovuti hukuuliza uandike ili uthibitishe wewe si roboti, yeye ni mmoja wa waliozibuni. Baadaye alianzisha reCAPTCHA, ambayo Google iliinunua mwaka 2009.

Mama yake alikuwa daktari aliyemlea peke yake, na pesa zake nyingi zilienda kwenye karo ya shule nzuri. Von Ahn amesimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoona elimu inavyoweza kutanua pengo. Mwenye pesa anasomesha mtoto vizuri, na mtoto anapata pesa zaidi. Asiye nazo anabaki pale pale. Mkenya yeyote aliyewahi kuitisha harambee ya karo haitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo jingine. Alipotaka kusoma Marekani, alihitaji kufanya mtihani wa Kiingereza, na nafasi za Guatemala zilikuwa zimejaa. Ilibidi asafiri hadi nchi jirani ya El Salvador ili aufanye. Hebu fikiria: nauli, malazi na ada ya mtihani, kwa sababu tu ya cheti cha kuonyesha unajua lugha. Kampuni yake ilipoanza kutoa mtihani wake wa Kiingereza mwaka 2016, iliufanya uwe wa kufanyiwa nyumbani kwenye kompyuta. Biashara ilitoka kwenye machungu ambayo mwenyewe aliyaonja.

Programu yenyewe ilifunguliwa kwa umma Juni 2012. Kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza ilikuja mwaka 2017. Kwa hivyo ukikutana na mgeni pale Diani anayesema "mimi ninakunywa maji" kwa ufasaha ambao hata wewe hutumii, huenda unajua alikosomea.

Ofisi iliyokaa mbali na kelele

Makao makuu yako mtaa wa East Liberty, Pittsburgh, mji uliojulikana zamani kwa viwanda vya chuma. Kampuni nyingi za teknolojia hukimbilia California. Hii ilikataa kuhama, na hata ikageuza uamuzi huo kuwa tangazo. Iliweka bango kando ya barabara kuu karibu na San Francisco likiwakumbusha wahandisi wa kule kwamba Pittsburgh unaweza kufanya kazi ya teknolojia na bado ukamudu kununua nyumba.

Hapo kuna somo la pesa la kwanza. Mshahara ni nusu ya hesabu tu. Nusu nyingine ni gharama ya mahali unapoishi. Kijana anayepokea elfu arobaini akiishi Nairobi, akalipa nyumba, fare na chakula cha mchana cha kununua, anaweza kubaki na kidogo kuliko anayepokea elfu ishirini na tano huko Kitale.

Karibu na ofisi kuna mgahawa wa chakula cha Kimeksiko ambao kampuni yenyewe ndiyo inaumiliki. Wateja huhimizwa kuagiza kwa Kihispania. Ukichemka hakuna wa kukucheka, maana ndiyo maana yake: lugha hujifunzwa kwa kuitumia. Na ndani ya ofisi wafanyakazi hutumia programu yao wenyewe, kama mwenye hoteli anayekula kwake kila siku. Supu ikizidi chumvi, anajua kabla ya mteja.

Hata rangi ya bundi ina kisa chake. Waanzilishi wanasimulia kwamba Hacker aliulizwa na wabunifu anapenda rangi gani, akajibu zote sawa tu, isipokuwa kijani. Kwa utani, wakachagua kijani. Mpaka leo anafanya kazi akizungukwa na rangi asiyoipenda. Mwaka 2025 kampuni ilipotangaza kanuni zake tano za kazi, mojawapo ilikuwa ya kuhakikisha kuna raha katika kazi. Nyingine zinahusu kutazama mbali badala ya faida ya leo, kutokubali kazi ya kiwango cha chini, kuachilia kazi iende kwa watumiaji bila kuzungusha, na kuonyesha badala ya kuongea tu.

Namna unavyomtendea dereva

Kuna kisa kimoja ambacho von Ahn amekisimulia hadharani. Kampuni ilikuwa imemtafuta mkuu wa fedha kwa muda mrefu, karibu mwaka mzima. Hatimaye akapatikana mtu ambaye makaratasi yake yalikuwa safi na mahojiano yalienda vizuri. Kila mtu alimpenda. Ila kampuni ilimuuliza pia dereva aliyemchukua uwanja wa ndege, na dereva akasema mgeni yule alimtendea vibaya njiani. Kazi hakupata. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayemdharau dereva atawadharau pia walio chini yake ofisini.

Hili tunalipenda kwa sababu linatuhusu kila siku. Mtu anayekushawishi uingie naye chama au umkopeshe pesa, usimtazame tu anapoongea na wewe. Mtazame anapoongea na mama mboga, kondakta na askari wa geti. Anayezungusha deni la mia mbili la mama mboga kwa miezi mitatu anakuonyesha mapema namna atakavyolibeba deni lako la elfu ishirini.

Kila kitu hupimwa kwanza

Sasa tuingie jikoni. Tabia kubwa kuliko zote ndani ya kampuni hii ni kupima. Hawabishani sana kwenye mkutano kuhusu kitufe kiwe kikubwa au kidogo. Wanatengeneza aina mbili, kundi moja la watumiaji linapewa hii, kundi lingine linapewa ile, halafu wanahesabu. Iliyorudisha watu wengi zaidi inabaki, nyingine inatupwa. Majaribio ya namna hii huendeshwa kwa mamia, na mengi huendeshwa kwa wakati mmoja.

Kinachopimwa zaidi ni mfululizo wa siku. Ukisoma leo, unapata moja. Kesho ukisoma, mbili. Ukikosa, unarudi sifuri. Ni nambari tu kando ya picha ya moto, lakini watu huilinda kama mbuzi wa mahari. Kuna wanaofanya somo wakiwa harusini, au hospitalini, dakika tano kabla ya saa sita usiku.

Wakagundua pia kwamba ukali ukizidi unafukuza watu. Mtu akipoteza siku mia kwa sababu simu ilizima, anakata tamaa na kuondoka kabisa. Kwa hivyo wakaweka kinga: unaweza kukosa siku moja na mfululizo wako usivunjike. Ulegevu kidogo ukawafanya watu wadumu zaidi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Halafu kuna zile arifa. Von Ahn amesimulia kwamba walitumia pesa nyingi na akili bandia ya hali ya juu kutafuta saa nzuri zaidi ya kumkumbusha mtu asome. Jibu lililotoka lilikuwa rahisi ajabu: masaa 24 baada ya mara ya mwisho aliposoma. Ukisoma jana saa mbili usiku, basi leo saa mbili usiku huenda uko huru tena.

Arifa nyingine ilitokea karibu kwa bahati. Mtu asipofungua programu kwa siku kadhaa, mfumo ulikuwa unaacha kumsumbua. Ndipo wakaona afadhali wamwambie mtu kwamba wanaacha kumkumbusha, kwa kuwa inaonekana haisaidii. Watu wakarudi kwa wingi! Waliona kama mwalimu amewakatia tamaa, na hakuna anayependa kukatiwa tamaa.

Februari 2025 wakaenda mbali zaidi. Walitangaza mitandaoni kwamba bundi amekufa, wakawaambia watu wasome ili afufuke. Dunia nzima ilijua ni mchezo, na bado watu walisoma.

Nani analipa?

Programu ni bure. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na bado unaweza kusoma bila kulipa senti. Mwanzoni kampuni ilitarajia kupata pesa kwa njia nyingine: wanafunzi wafanye mazoezi kwa kutafsiri maandishi ya kweli, na mashirika ya habari yalipie tafsiri hizo. Wazo hilo waliliacha. Wakaingia kwenye matangazo, na kuanzia 2017 wakaongeza malipo ya hiari ya kuondoa matangazo na kupata nyongeza.

Tazama hesabu ya leo. Katika robo ya tatu ya mwaka 2025, wanaoitumia kila siku walipita milioni 50. Wanaolipia walikuwa zaidi ya milioni 11. Yaani wengi kabisa hawalipi. Lakini katika mapato ya mwaka 2024, ambayo yalikuwa takriban dola milioni 748, zaidi ya robo tatu yalitoka kwa wale wachache wanaolipia.

Sasa unaelewa kwa nini kurudi kwako kila siku kuna thamani hata kama hulipi. Leo unatazama matangazo. Kesho, ukishajenga mfululizo wa siku 200, unaona kulipa kidogo ni sawa ili usisumbuliwe. Hakuna ujanja mbaya hapo. Ni biashara, na ni vizuri uijue ukiwa ndani yake.

Wasiokaa ofisini

Kila kampuni ina watu wanaoonekana kwenye picha na watu wasioonekana. Kozi nyingi za mwanzo, pamoja na ile ya Kiswahili, ziliandikwa na watu wa kujitolea waliopenda lugha zao. Mpango huo ulifungwa mwaka 2021. Kampuni, ambayo mwaka huo huo iliingia soko la hisa la Marekani, ikawatengea waliojitolea zawadi ya mamilioni ya dola ili igawanywe kati yao.

Baadaye wakaja watu wa mkataba: watafsiri na waandishi wa masomo. Mwanzoni mwa 2024, karibu asilimia 10 ya hao waliachishwa. Aprili 2025 mkuu wa kampuni aliwaandikia wafanyakazi kwamba akili bandia itatangulizwa, na kwamba polepole kampuni itaacha kuwatumia watu wa mkataba kwa kazi ambayo mashine inaweza kuifanya. Siku chache baadaye kampuni ikatangaza kozi mpya 148 kwa mpigo, zilizotengenezwa kwa msaada wa teknolojia hiyo. Watumiaji wengi walikasirika, na wengine wakafuta programu na kuacha mifululizo ya miaka. Mkuu huyo ikabidi afafanue kwamba haoni akili bandia ikichukua nafasi ya wafanyakazi wake wa kudumu, na kwamba bado wanaajiri.

Kwa Wakenya wengi hili si habari ya mbali. Kuna vijana Nairobi, Eldoret na Mombasa wanaokula kutokana na kazi za mtandaoni: kutafsiri, kuandika manukuu ya sauti, kuzifundisha mashine lugha. Kazi ni halali, na pesa ni za kweli. Lakini mkataba unaweza kuisha kwa barua pepe moja. Kama ndiyo kazi yako, usipange maisha kwa mwezi ulio mnono. Chukua miezi yako sita iliyopita, tafuta ule uliopokea kidogo zaidi, na upangie kodi na chakula kwa kiasi hicho. Kinachozidi kwenye miezi mizuri, kiweke kabla hakijayeyuka.

Kisu ni kile kile, mikono ni tofauti

Tukusanye sasa. Kumbusho la saa ile ile kila siku. Nambari inayopanda na kukufanya uogope kuipoteza. Zawadi ndogo ndogo. Ujumbe unaokugusa moyo ukikaa kimya. Bundi anazitumia ili ujue kusema habari ya asubuhi kwa Kijerumani.

Lakini programu za kubeti nazo zina kumbusho, bonasi na zawadi ya aliyerudi. Baadhi ya programu za mikopo zina viwango vya kupanda, ambapo kila ukikopa na kulipa unaambiwa kikomo chako kimeongezeka, hongera. Unaanza kukopa si kwa sababu una shida, bali kwa sababu hutaki kikomo kishuke. Hapo ndipo hatari ilipo. Mfululizo wa masomo ukivunjika, umepoteza nambari. Mchezo wa kukopa ukikuingia damuni, unapoteza kodi ya nyumba.

Kwa hivyo kila simu inapolia na kukuita, jiulize maswali mawili. La kwanza: nikifuata wito huu kila siku kwa mwaka mzima, nitakuwa na nini mkononi? Lugha? Akiba? Au deni? La pili: nikiacha leo, ni nani anayepoteza, mimi au wao? Ukiona wao ndio wanaopoteza zaidi, zima arifa. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza ile arifa kwa muda mrefu na chaguo la kuizima linatokea hapo hapo.

Tumia mbinu za bundi kwa akiba yako

Haba na haba hujaza kibaba, tunajua sote. Shida ni kwamba kibaba hakikukumbushi. Kwa hivyo jifanyie hivi:

*Anza na kiasi kidogo sana.* Somo la bundi huchukua dakika chache tu, ndiyo maana hakuna kisingizio. Fanya akiba iwe hivyo. Shilingi 50 kwa siku ni 18,250 kwa mwaka. Ukiona 50 ni nyingi, 20 kwa siku ni 7,300. Hiyo ni sare na viatu vya mtoto Januari, bila kumpigia mtu simu.

*Chagua saa moja.* Kumbuka jibu la masaa 24. Kama unauza duka na unafunga saa mbili usiku, weka akiba saa mbili usiku, kila siku, ukishahesabu mauzo. Boda boda anaweza kuchagua anapoegesha pikipiki.

*Hesabu siku, si pesa.* Chora miraba kwenye kalenda ya ukutani, ile unayopewa dukani Desemba. Kila siku ukiweka, tia alama. Utashangaa jinsi hutataka kuacha mraba mtupu.

*Jipe kinga.* Kuna siku itakosa. Mgonjwa, mvua, biashara imelala. Panga mapema kwamba una siku mbili za kukosa kila mwezi, na mfululizo wako haujavunjika. Wengi huacha kuweka akiba kwa sababu walikosa siku moja na wakajiona wameshindwa.

*Ifungie mbali.* Pesa iliyo kwenye salio la kawaida itatumika. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, ikiwezekana yenye muda wa kufungwa, ili ukitaka kuigusa ufikirie mara mbili.

Malipo yanayojirudia: bandu bandu huisha gogo

Methali ya upande wa pili nayo ni kweli. Programu nyingi za kujifunza, za muziki na za filamu hukupa siku kadhaa za majaribio bila malipo. Ili uanze, unaweka kadi au njia nyingine ya malipo. Muda wa majaribio ukiisha na hujasitisha, unakatwa. Mwezi ujao unakatwa tena. Tuseme ni shilingi 999 kwa mwezi: kwa mwaka ni 11,988. Kama unasoma kila siku na lugha hiyo itakupatia kazi, si hasara. Kama mara ya mwisho kuifungua ilikuwa Pasaka, umekuwa ukilipia bundi aliyelala.

Fanya haya:

1. Siku unapoanza majaribio ya bure, weka kengele kwenye simu siku mbili kabla hayajaisha.
2. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Watu wengi hawajui hili. Kwa Android, fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua huduma unayotaka, kisha sitisha. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, bonyeza jina lako, kisha usajili.
3. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa zako za simu, weka humo kiasi unachohitaji tu.
4. Mwisho wa kila mwezi, pitia taarifa ya akaunti yako. Makato madogo yanayofanana kila mwezi ndiyo ya kuangalia.

Wanaouza ndoto kwa jina la lugha

Tumalizie na lile linaloumiza zaidi. Penye njaa ya kazi ya ng'ambo, matapeli hawakosi. Huwa wanakuja kwa sura tatu.

Wa kwanza anakuandikia WhatsApp au Telegram kwamba kampuni kubwa ya lugha inatafuta watafsiri wa Kiswahili na unaweza kufanyia kazi nyumbani. Anakupa kazi ndogo ya kwanza na hata anakutumia mia mbili uamini. Halafu anasema ili upande daraja, tuma elfu mbili. Ukituma, anaitisha elfu tano. Mwajiri wa kweli hukulipa wewe, hakuombi umlipe ili ufanye kazi. Na ile mia mbili ilikuwa chambo.

Wa pili anauza cheti cha Kijerumani bila mtihani, B1 au B2, kwa bei ya kurusha roho. Vyeti hukaguliwa. Ukipatikana na cha bandia, hutapoteza pesa tu, unaweza kuharibu nafasi ya viza kabisa. Na tuseme wazi: mfululizo mrefu kwenye simu nao si cheti cha muuguzi. Tumia programu kama mazoezi, kisha ufanye mtihani kwenye kituo kinachotambuliwa.

Wa tatu anajiita wakala wa ajira na anataka ada ya kuhifadhi nafasi itumwe kwa nambari ya mtu binafsi leo leo, kwa sababu nafasi zimebaki mbili. Mawakala wa ajira hupewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kabla hujatuma hata shilingi, hakikisha kampuni iko kwenye orodha yao na leseni haijaisha. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama ulitarajia jina la kampuni na umeona la mtu, simama hapo.

Ukishatuma kwa bahati mbaya, usikae ukijilaumu. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na nambari ya muamala. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Hifadhi ujumbe wote, kisha uripoti polisi. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama sisi. Hatutawahi kukuuliza.

Leo usiku ukisikia simu ikilia saa ile ile ya jana, angalia kwanza ni nani anayeita. Akiwa ni bundi na una mtihani mwezi ujao, soma somo lako. Ukimaliza, chukua dakika moja zaidi uweke ile hamsini.